Mwuza Flaneli wa Newtown

Halmashauri ya Chama Kikuu ilipokata shauri kwamba sherehe ya kutimiza miaka kumi iwe na kijitabu chake, mimi katibu nilipewa kurasa chache za kuandika habari za kale zenye kuhusiana na ushirika. Wengi walitazamia kwamba ningeandika habari za wale watu ishirini na wanane wa Rochdale. Habari zile ni njema, lakini kila mwanachama aliyepata kukaa katika semina ya ushirika, hata kwa siku moja, amekwisha kuzisikia, na wengine waweza kuzisimulia wakiwa wamefumba macho. Kwa hiyo nimechagua habari za mtu mwingine. Mtu huyu hakuwa mshirika hata siku moja. Alikuwa mwenye duka.

Mjumbe mmoja mzee alipoliona jina la makala haya katika orodha aliniuliza, "Bwana Katibu, miaka kumi tumeshindana na walanguzi, na leo wamweka mwenye duka katika kitabu chetu?" Nilimwomba mzee wangu avute subira asome mpaka mwisho, na kila msomaji namwomba vivyo hivyo.

Katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, kuna mji mdogo uitwao Newtown. Wenyeji kwa Kiwelisi huuita Y Drenewydd, na maana ni ile ile, Mji Mpya, ingawa upya wake ni wa zamani sana, kwa kuwa Mfalme Edward wa Kwanza aliutolea ruhusa ya kuwa na soko mwaka 1279. Mji umekaa katika bonde la mto Severn, na mto huo ukisha kupita hapo huteremka na kuingia Uingereza. Ndiyo kusema kwamba ni mji wa mpakani. Watu wa mipakani twawajua, kwa maana hata sisi tunao: wana lugha mbili, wana jamaa pande zote mbili, na bei ya kitu huisikia kutoka ng'ambo kabla ya kuisikia kutoka makao makuu yao wenyewe.

Nchi ile ni ya milima na mvua. Nafaka haistawi sana, bali kondoo hustawi, na penye kondoo pana sufu. Tangu zamani jamaa za wakulima walisokota sufu na kuifuma, wakapata kitambaa chepesi chenye joto kiitwacho flaneli. Wajuzi wengi wa lugha hulifuata neno hilo hadi neno la Kiwelisi gwlanen, yaani kitu cha sufu, na kutoka Kiingereza likatufikia sisi pwani na bara likawa fulana. Basi mkulima wa pamba anayevaa fulana shambani amebeba mgongoni neno lililotoka katika milima ya kondoo, wala hajui.

Kwa muda mrefu mfumaji wa Wales hakuwa na soko lake mwenyewe. Kitambaa chake kilivuka mpaka, kwanza hadi mji wa Oswestry, halafu, katika karne ya 17, hadi Shrewsbury. Huko Shrewsbury wauza nguo walikuwa na chama chao tangu zamani, walioshikamana kama vidole vya ngumi. Wafumaji walikuja mmoja mmoja, kila mtu na farasi wake na furushi lake, baada ya mwendo wa kutwa au zaidi. Mwanachama aliyepata kusimama na magunia yake mbele ya mnunuzi mmoja tu, jua likizama na nyumbani ni mbali, hana haja ya kuelezwa bei ilipangwaje.

Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa karne ya 19. Mfereji wa kupitishia mashua ulichimbwa hadi Newtown, ukafika karibu na mwaka 1820, na mwaka 1832 ukafunguliwa hapo mjini ukumbi wa soko la flaneli, hata wanunuzi wakaanza kuwafuata wafumaji badala ya wafumaji kuwafuata wao. Mji ukajaa watu. Zilijengwa nyumba ndefu za matofali, chini wakiishi jamaa katika vyumba vidogo vilivyopeana migongo, na juu kabisa, chini ya paa, kukiwa na chumba kirefu chenye madirisha mengi ambamo vilipangwa vitanda vya kufumia. Watu wakapenda kuuita mji wao "Leeds ya Wales", wakiufananisha na mji ule mkubwa wa sufu wa Uingereza.

Lakini soko kuwa karibu si sawa na soko kuwa mali yako. Wafumaji wengi walikuwa wamekwisha kuwa watu wa kulipwa kwa kipande, sufu si yao na kitanda si chao, na katika viwanda vya nyakati zile ilikuwa desturi mahali pengi bwana kumlipa mfanyakazi kwa unga na chai ya duka lake mwenyewe, kwa bei aliyoipanga yeye. Bunge lilipiga marufuku malipo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1831. Njaa haikumalizwa na sheria. Mwaka 1839 wafumaji wa Llanidloes, mji wa jirani juu ya mto huo huo, waliushika mji wao kwa siku kadhaa mpaka askari walipoletwa.

Katika hali hiyo, tarehe 16 Oktoba 1834, katika parokia ya Llanllwchaiarn iliyo ubavuni mwa Newtown, alizaliwa mtoto aliyeitwa Pryce Jones. Huyu ndiye mwenye duka wetu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitolewa shule akawekwa kwa mwuza nguo wa mjini, John Davies, ajifunze kazi. Kujifunza kazi kwa desturi ya nchi ile maana yake ni kufagia duka, kufungua madirisha alfajiri, kukunja majora, kupima kwa yadi bila kumpunja mteja na bila kumpunja bwana, na kuvumilia. Alivumilia. Mwaka 1856, alipokuwa na miaka 21, biashara ile ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1859 akamwoa Eleanor Rowley Morris, binti wa mji huo huo, na akaanza duka dogo lake mwenyewe.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo kila mshirika lazima alifahamu. Mji huo mdogo ulikuwa umekwisha kumzaa mtoto mwingine wa kazi ya nguo, miaka 63 kabla ya Pryce Jones, naye ni Robert Owen. Ndiye yule yule ambaye twamwita baba wa ushirika. Owen alizaliwa Newtown tarehe 14 Mei 1771, mwana wa mtengeneza matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 10 tu aliondoka kwenda kutafuta maisha Uingereza, akawekwa kwa mwuza nguo wa mji wa Stamford, akafagia, akakunja majora, akapima kwa yadi, sawasawa kama atakavyofanya mwenziwe baadaye. Akapanda hata akawa msimamizi wa viwanda vya nyuzi vya New Lanark huko Scotland tangu mwaka 1800, na huko akaonyesha kwamba mwenye kiwanda aweza kupata faida bila kuwatesa watu wake, na kwamba duka la wafanyakazi laweza kuuza kitu kizuri kwa bei nafuu. Baadaye aliitumia mali yake kuhubiri vijiji vya watu wanaofanya kazi pamoja na kumiliki pamoja. Vijiji vyenyewe havikudumu. Mawazo yalidumu.

Mzee Owen, mwenye miaka 87, akiwa mgonjwa, alirudi Newtown mwaka 1858 afie alikozaliwa. Alifariki tarehe 17 Novemba katika hoteli iliyo jirani kabisa na nyumba ya wazazi wake, akazikwa kando ya mto katika uwanja wa kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Wakati huo Pryce Jones alikuwa kijana wa miaka 24 akifanya biashara katika mji huo huo. Watoto wawili wa duka la nguo: mmoja aliondoka akafikiri juu ya wafanyakazi, mwingine alibaki akafikiri juu ya wanunuzi. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi usiku ninapofunga hesabu.

Duka la Pryce Jones lilikuwa na shida ya maduka yote ya miji midogo. Watu wa mjini walikuwa wachache, tena wengi wao ni wafumaji maskini. Wenye fedha, yaani mabwana wa mashamba makubwa na wakulima wenye kondoo wengi, walikaa mbali milimani, na siku ya kuja mjini ilikuwa ni siku ya kazi iliyopotea. Mwuza duka mwingine angeketi barazani na kulalamika kwamba biashara ni mbaya. Pryce Jones alitazama vitu viwili vilivyokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Cha kwanza ni posta. Tangu mwaka 1840 barua ilipelekwa popote katika ufalme kwa peni moja. Cha pili ni reli. Kati ya mwaka 1859 na 1861 reli ilifika Newtown na kuunganishwa na njia kubwa za Uingereza.

Akafanya hivi. Alichukua flaneli yake akaikata vipande vidogo, kila namna ya kitambaa na kipande chake, akavitia katika barua pamoja na karatasi ya bei iliyopigwa chapa, akawapelekea mabwana na wakulima wa wilaya nzima. Bibi wa shamba aliketi nyumbani kwake, akakishika kitambaa kwa vidole vyake mwenyewe, akakivuta, akakilinganisha na mwanga, akachagua, akaandika barua. Mzigo ulifungwa Newtown ukapelekwa kwa gari la moshi. Wengi humhesabu kuwa ndiye wa kwanza duniani kufanya biashara kubwa ya namna hii ya kuagiza kwa barua. Vijana wetu siku hizi huagiza viatu kwa simu ya mkononi na kudhani ni jambo lililozaliwa jana.

Nataka wanachama wakitazame kile kipande kidogo cha kitambaa, maana ndicho kiini cha habari yote. Mnunuzi hamwoni mwuzaji, wala mwuzaji hamwoni mnunuzi. Kati yao hakuna kiapo wala dalali, ila kuna kipande cha inchi chache. Mzigo ukifika na kufanana na kile kipande, bibi yule ataandika tena, naye atamwambia jirani yake. Mzigo ukipungua unene hata kidogo, basi, barua haitakuja tena, wala mwuzaji hatajua kwa nini. Hakuna mtu wa kuja dukani kugomba. Mtu wa sokoni akidanganywa hupiga kelele. Mtu wa mbali akidanganywa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko hasara.

Sisi tuliujua ukweli wa jambo hili kwa njia chungu. Msimu mmoja, katika miaka yetu ya mwanzo, lori la pamba la chama kimoja cha msingi lilirudishwa kutoka kiwandani kwa sababu fifi ilikuwa imechanganywa na safi, tena kwa ustadi, safi ikiwa juu na fifi katikati ya gunia. Chama hicho sikitaji. Aliyefanya hivyo alipata faida ya shilingi chache. Lakini kwa muda wa misimu miwili magunia yetu yote yalifunguliwa moja moja mlangoni mwa kiwanda, yale ya waaminifu na yale ya wasio waaminifu, malori yakalala barabarani, na gharama za kusubiri tukazilipa sote. Nilikuwa karani wa mizani wakati huo. Nilikaa juu ya magunia siku mbili nikila mihogo ya kuchoma, nikiutazama mlango ule.

Turudi Newtown. Barua zilizidi kuja. Florence Nightingale, yule mwuguzi mashuhuri wa vita vya Crimea, alikuwa mteja, na Malkia Victoria mwenyewe akanunua flaneli ya Newtown, kisha jamaa za kifalme za nchi nyingine za Ulaya. Pryce Jones hakuficha jambo hilo chini ya pishi; alilipiga chapa katika kila orodha aliyoituma, kwa kuwa alifahamu kwamba mke wa mkulima apenda kuvaa anachovaa malkia. Kufika mwaka 1880 wateja wake walizidi 100,000. Fikirini: mji wenye watu maelfu machache, na daftari lenye majina zaidi ya laki moja.

Orodha yenyewe haikubaki kuwa ya flaneli tu. Ziliingia shuka, blanketi, nguo zilizokwisha kushonwa, kofia, viatu. Mwaka 1876 alipewa hati ya haki ya uvumbuzi kwa ajili ya blanketi alilolipa jina la Euklisia. Lilikuwa blanketi la sufu lililofanywa kama mfuko wa mtu kuingia na kulala, pamoja na mto wa mpira wa kujazwa pumzi, nalo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mifuko ya kulalia wanayotumia wapanda milima hata leo. Jeshi la Urusi, lililokuwa likipigana na Waturuki, liliagiza 60,000. Ilikuwa ni agizo la kumtajirisha mtu kwa siku moja. Lakini vita ina desturi zake. Mji wa Plevna uliokuwa umezingirwa ulianguka Desemba 1877, Warusi wakafuta agizo, na mablanketi 17,000 yakabaki mikononi mwa mwenye duka wa Newtown.

Mtu mwingine angefilisika hapo. Yeye aliyatia katika orodha yake kama matandiko ya bei rahisi, akayauza hasa kwa vyama vya hisani vilivyowasaidia maskini. Naona hapo faida ya kuwa na wateja laki moja badala ya mteja mmoja mkubwa. Sisemi hivyo kwa kumlenga mtu yeyote, ingawa wajumbe wa Kamati ya Mauzo wataelewa nimekumbuka nini.

Mwaka 1879 alifungua jengo kubwa la matofali mekundu mkabala na stesheni ya reli, akaliita Royal Welsh Warehouse, yaani Bohari ya Kifalme ya Wales. Ndani yake mlikuwa na mamia ya wafanyakazi, wengine wakifungua barua, wengine wakikata, wengine wakishona, wengine wakifunga vifurushi, na posta ikiwa humo humo. Makampuni ya reli yalimpa mabehewa ya vifurushi yaliyotoka Newtown hadi stesheni ya Euston mjini London. Tarehe 1 Agosti 1883 serikali ilipoanzisha posta ya vifurushi, ikachukua mzigo wa ratili moja kwa peni tatu na wa ratili saba kwa shilingi moja, biashara yake ilipata mabawa. Mwaka 1887 Malkia akampa cheo cha Sir, naye akaliunganisha jina lake likawa Pryce-Jones. Aliingia Bunge kwa upande wa Conservative tangu 1885 hadi 1886, na tena 1892 hadi 1895. Juu ya siasa yake sina la kusema. Alifanya walivyofanya matajiri wa siku zake.

Sasa nifike pale alipotaka kufika mzee wangu mjumbe. Wafumaji je?

Jibu lake si zuri. Katika miaka ile ile ambayo jengo jekundu lilipanda, vyumba virefu chini ya mapaa vilinyamaza kimoja baada ya kimoja. Flaneli ya Newtown ilikuwa imepata mshindani, naye ni flaneli ya kaskazini mwa Uingereza, na hasa ya mji mmoja wa Lancashire. Mji huo ni Rochdale.

Ndiyo, wanachama, ni Rochdale ile ile. Wale watu ishirini na wanane waliofungua duka lao katika kichochoro cha Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844, kwa mtaji wa pauni 28, kwa unga, siagi, sukari na mishumaa, walikuwa watu wa mji wa flaneli, na wengi wao walikuwa wafumaji waliokwisha kuomba nyongeza ya mishahara wasifanikiwe. Miongoni mwao walikuwamo wafuasi wa Robert Owen. Basi wazo lilitoka Newtown kichwani mwa mtu aliyeondoka akiwa mtoto wa miaka 10, likazunguka nchi nzima, likaota mizizi kwa wafumaji wa mji wa mbali. Na kutoka mji huo huo wa mbali kikatoka kitambaa kilichowanyima kazi wafumaji wa Newtown. Wale washirika hawana hatia katika jambo hili. Walikuwa maskini wa upande mmoja kama hawa walivyokuwa maskini wa upande mwingine.

Sababu ilikuwa makaa ya mawe. Rochdale ilikaa juu ya makaa, Newtown haikuwa nayo. Kitanda cha mvuke hakichoki wala hakili. Nayo reli, ambayo ilipeleka vifurushi vya Pryce Jones ulimwenguni kote, haikuwa na njia moja: iliyopeleka ndiyo iliyoleta. Ilileta nguo rahisi za viwanda vya kaskazini mpaka mlangoni mwa mfumaji. Hata jina likahama. "Flaneli ya Wales" likawa jina la namna ya kitambaa, na viwanda vya Uingereza vikafuma kitambaa hicho na kukiuza kwa jina hilo, na mnunuzi wa mbali, akiridhika na kipande alichokishika, hakuuliza kilifumwa kwenye bonde gani. Kiwanda kikubwa kuliko vyote vya Newtown, Cambrian, kilipoungua moto mwaka 1912 hakikujengwa tena. Bohari ya Kifalme iliendelea kupeleka vifurushi.

Wengine husema kwa haraka kwamba mwenye duka aliwasaliti wafumaji. Mimi nimejaribu kuwa na haki. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye aliyewapatia soko ambalo baba zao hawakulipata Shrewsbury, na mamia ya vijana wa mji ambao wangehama walipata kazi katika jengo lake. Pia siamini kwamba kama wafumaji wangekuwa na chama cha ushirika makaa ya mawe yangetokea chini ya Newtown. Ushirika hauchimbui kisichokuwapo ardhini, na twakosea tunapowaahidi watu mambo ya namna hiyo katika mikutano.

Lakini jambo moja laniuma. Wafumaji walikuwa na ustadi, jina, na mto wa kuendeshea magurudumu. Kitu walichokosa ni lile daftari la majina laki moja. Daftari lilikuwa la mwenye duka. Siku alipoona kwamba kitambaa cha mahali pengine chauzika vizuri zaidi, aligeuka, na wateja wakageuka pamoja naye bila kujua kwamba wamegeuka. Mfumaji alijua kufuma, hakujua anamfumia nani. Hakulijua hata jina la bibi mmoja wa shamba ambaye kwa miaka ishirini alilala katika shuka iliyotoka mikononi mwake.

Na sisi je? Wakati Chama Kikuu kilipoanza, niliombwa na mkaguzi nimwonyeshe orodha ya wanunuzi wetu. Nilimwonyesha karatasi moja yenye majina matatu, na mojawapo nilikuwa nimeliandika kwa makosa, kwa kuwa nililisikia katika simu tu. Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza pamba yetu ikisha kuchambuliwa huenda wapi, nikamjibu kwamba huenda Dar es Salaam. Akauliza, kutoka hapo? Sikuwa na jibu. Leo karatasi ile imekuwa faili, na katika mkutano mkuu wa mwaka huu wajumbe watalikuta shauri la Halmashauri la kumwajiri ofisa mmoja ambaye kazi yake itakuwa hiyo tu: kujua pamba ya nani ilikwenda kwa nani, ikageuka nini, na aliyeipokea aliridhika au hakuridhika. Najua wapo wanaoliona kuwa ni gharama ya bure. Nao wana haki ya kusema, na mkutano ndio utakaoamua.

Sir Pryce alifariki tarehe 11 Januari 1920, akiwa na umri wa miaka 85. Vita kuu ilikuwa imekwisha, desturi za watu zimebadilika, wanawake hawakutaka tena sketi za ndani za flaneli, na maduka makubwa ya miji mikubwa yalikuwa yamejifunza kutuma orodha kwa posta kama yeye. Biashara ilidhoofika, na mwaka 1938 ikanunuliwa na kampuni ya Lewis's ya Liverpool. Daftari la majina likaondoka Newtown.

Jengo jekundu lingali limesimama mkabala na stesheni, na jina la Pryce Jones lingali juu yake. Ukitoka hapo ukateremka kwa miguu kuelekea mtoni, hupiti muda mrefu kabla ya kufika kwenye uwanja wa kanisa la kale, lililo gofu sasa. Kaburi la Robert Owen lipo hapo. Lilikaa karibu miaka hamsini bila kutengenezwa, mpaka mwaka 1902 vyama vya ushirika vya Uingereza, vikichangishana peni za wanachama wao, vilipolizungushia uzio wa chuma.